Temometa ya mshale pale kwenye bomba la maziwa

Kiwanda chenyewe sikitaji jina. Kipo pembeni ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo watu wa Vingunguti mpaka leo wanaiita Pugu Road, na kipindi hicho flaiova ya Tazara ilikuwa bado inajengwa kwaiyo kufika pale na boksi la vifaa begani ilikuwa kazi tosha. Waliniita kwa ajili ya chumba cha baridi. Maziwa yao freshi yalikuwa yanarudishwa kutoka madukani, mama anafungua pakiti asubuhi awachemshie watoto chai, yanakatika kwenye sufuria, na ukiangalia tarehe ya kuisha bado kabisa. Bosi wa uzalishaji alikuwa na uhakika sensa, yani kile kifaa kinachohisi joto, ya chumba cha baridi imekufa, na kama sio sensa basi madereva wanazima friji za magari njiani.

Chumba cha baridi nilikikuta kizima, niliweka temometa yangu ya kulinganishia pembeni ya sensa yao zikasoma karibu sawa, 4 na pointi kidogo. Nikawa naandika ripoti pale koridoni ndo dada wa maabara akanifata, akaniuliza taratibu, "Kaka, na kule kwenye joto umepapima?" Akanieleza kwamba kipimo chake cha fosfatase kilishatoka chanya zaidi ya mara moja. Fosfatase ni kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa mabichi, kinastahimili joto kidogo zaidi ya vijidudu vya TB ya ng'ombe na brusela, kwaiyo ukikuta kimekufa ujue na vijidudu hivyo vimekufa, na ukikikuta bado kipo ujue maziwa hayajaiva sawasawa au yamechanganyika na mabichi. Alipotoa taarifa aliambiwa dawa zake za maabara zimeisha muda. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekata tamaa, na mimi nilikasirika kwa niaba yake kwa sababu ile ndo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Basi nikaenda kwenye pasta, yani mashine inayopasha maziwa joto kuua vijidudu. Maziwa yanatakiwa yafike angalau digrii 72 na yakae kwenye joto hilo sekunde 15 ndani ya bomba la kushikilia, na mwisho wa bomba hilo kuna sensa ya Pt100 inayoiambia mashine joto ni ngapi. Likishuka, kuna vali inageuza njia na kurudisha maziwa nyuma yakapashwe upya. Yani usalama wa mlaji wote unategemea ile sensa. Kwenye skrini ya chumba cha kontroo ilikuwa imetulia 74, haitikisiki. Nikashuka kwenye bomba lenyewe, pale sentimita chache kutoka kwenye sensa kulikuwa na temometa ya mshale ya siku nyingi, kioo kimefifia kwa mvuke. Inasoma 68.

Nikamwamkia mzee anayeendesha mashine, nikamuuliza kuhusu ile ya mshale. "Marahaba fundi. Hiyo imechoka hiyo, tangu watuletee skrini tunafata ya skrini."

Nikamuuliza skrini imekuja lini akasema zamani paneli ya kuendeshea ilikuwa hapa hapa jirani na mashine, ila maji ya kuoshea na mvuke vikawa vinaingia ndani, ndo wakaihamishia chumba chenye kiyoyozi kule ng'ambo ya ukumbi. Hapo nikaanza kuelewa. Pt100 ni waya mwembamba wa platinamu wenye ukinzani wa umeme wa omu 100 (omu ndo kipimo cha ukinzani) kwenye digrii 0, na kila digrii inapopanda ukinzani unaongezeka kama omu 0.385. Mashine haijui joto, inajua omu tu. Sasa ukiweka kebo ndefu katikati, shaba ya kebo nayo ina omu zake, na mashine inazihesabu zote kama joto. Omu moja tu ya ziada ni digrii kama mbili na nusu za uongo. Ndo maana sensa izi zinakuja na nyaya tatu, mbili nyekundu moja nyeupe kwa kawaida, ule wa tatu unaisaidia mashine kupima omu za kebo na kuzitoa.

Nikaomba mashine isimame. Bosi hakupenda, na namuelewa, maziwa yalikuwa yamejaa kwenye tangi la mapokezi, lakini kwa ile tofauti ya digrii 6 nisingekubali hata lita moja iendelee kwenda dukani. Nikamtuma kijana barafu nje ya geti, tukaiponda tukachanganya na maji safi kidogo kwenye chupa ya chai, nikachomoa sensa nikaizamisha. Barafu inayoyeyuka ni digrii 0, lakini skrini ikasoma 6. Alafu nikaiweka kwenye birika la maji yanayochemka, ikasoma 106. Dar tupo usawa wa bahari maji yanachemka 100 kabisa, ingekuwa Mbeya au Arusha ningepiga hesabu nyingine. Kuzidi kwa kiasi kile kile chini na juu kukaniambia sensa yenyewe nzima, kuna kitu kinajumlishwa njiani. Multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ikathibitisha, sensa ikiwa kwenye barafu, pale kichwani mwa sensa napata omu 100, kwenye paneli napata 102.3.

Tukafuata kebo. Wakati wa kuhamisha paneli mtu alitumia kebo ya nyaya mbili, nyembamba, kama mita 30 kwenda, na kule kwenye paneli akaunganisha temino (pale nyaya zinapofungwa kwa skurubu) ya pili na ya tatu kwa kipande kifupi cha waya ili alamu isilie. Ile kazi iliniuma sana. Waya ukikatika mashine inapiga kelele, kila mtu anajua kuna shida, lakini hapa alamu ilinyamazishwa na namba ikabaki nzuri, imetulia, inaongopa mchana na usiku na watu wanakunywa.

Bosi akasema basi fundi toa 6 kwenye programu tuendelee na kazi. Nikamwomba tuende pamoja kwenye boksi la kuungia la katikati, lipo ukutani upande wa nje, nikafungua kifuniko tukakuta temino zimeota ukijani kwa unyevu na ile hewa yetu ya chumvi. Nikamwambia ashike redio aongee na mzee aliyepo kwenye skrini, mimi nikakaza skurubu moja robo mzunguko. Mzee akasema imeshuka karibu digrii nzima. Nikamwambia bosi, sasa hiyo 6 unayotaka nitoe, kesho itakuwa ngapi? Hakunijibu, akapiga simu stoo wanipe hela ya kebo.

Nikaenda Kariakoo upande wa Gerezani kutafuta kebo ya nyaya tatu yenye shildi, yani ganda la chuma linalokinga nyaya na usumbufu wa umeme wa jirani. Maduka mengi wana ya umeme wa nyumba tu, nikazunguka mpaka nikaipata. Tuliivuta mzima mzima bila kupita kwenye boksi lolote, shildi nikaifunga ardhini upande wa paneli peke yake. Kwenye barafu ikasoma 0.1. Nikawaandikia pia wanunue transmita ndogo ya kukaa kwenye kichwa cha sensa, inayogeuza omu kuwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 mpaka 20, kwa sababu mkondo ni ule ule mwanzo na mwisho wa waya hata kebo iwe ndefu, na baadae waliifunga.

Tulipowasha, vali ikageuza maziwa nyuma, ikakaa hivyo mpaka mzee akaongeza mvuke na joto likapanda kweli. Skrini 74, mshale 74. Dada wa maabara alichukua sampuli mwenyewe kwa mkono wake, majibu yakatoka hasi. Yale yaliyokuwa stoo yameshafungwa hayakutoka, alisimama mlangoni akasema hapana, na safari hii bosi alimsikiliza, akaanza na kupigia maduka simu yarudishe. Kwenye daftari la zamu tukachora safu mpya ya kuandika namba ya skrini na ya mshale kila saa, zikipishana zaidi ya digrii moja mashine inasimama na anaitwa yeye wa maabara kwanza kabla ya fundi.