Leo ilikuwa zamu yetu kupimwa afya kazini

Huku Japani kupima si hiari. Sheria ya mwaka 1972 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wake kila mwaka: mkojo, damu, presha, macho, masikio, eksirei ya kifua. Yote asubuhi moja, tena hujatia kitu tumboni.

Kiuno nacho kinapimwa kwa futi, ile ya mafundi cherehani. Mwanamume akifika sentimita 85 au mwanamke 90, anaweza kuanza kufuatiliwa. Mimi nikabana tumbo. Nesi akatabasamu, akasubiri nipumue 😂

Kasheshe ni bariamu, ya kupigia picha tumbo. Unameza unga unaojaza gesi, unakatazwa kucheua (jaribu uone!), kisha unakunywa kitu cheupe kizito kama chokaa, na meza inaanza kukugeuza huku na huku mpaka kichwa kinainama chini. Ukitoka unapewa vidonge vya kuharisha na maji mengi, maana ikigandia ndani ni balaa.

Wazee wa mtaani kwetu nawavulia kofia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wako bustanini na mazoezi ya redio, yaliyoanza 1928. Mimi muda huo bado nakoroma.

Majibu yanakuja kwa herufi, A ndiyo safi. Hiyo ya kiuno sijui.