Hatua 30 Kitulo

Februari 2011 nilipanda Hamsini na Saba na mjomba wangu, kwenye Land Rover yake kuukuu, kufuata mbegu za viazi upande wa Makete. Barabara hiyo ya Chimala kwenda Matamba imebeba jina la kona zake, 57, mlima mkono mmoja, korongo mkono mwingine. Mjomba alipolazimika kurudi nyuma ili kona ikate, kazi yangu ilikuwa kuruka chini na jiwe la kuwekea tairi. Huko bondeni mpunga wa Usangu ulikuwa kijani kitupu, na kipande kimojawapo kilikuwa chake.

Matamba tulikunywa chai, tukaendelea. Kitulo wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu, na ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukifika mwezi kama ule huulizi sababu ya jina: maua mpaka macho yanapochoka, na okidi peke yake zina aina zaidi ya 40.

Barabara ilikuwa tope jeusi. Mbele yetu lori la viazi limezama mpaka difu, limeziba njia yote. Mjomba akaangalia majani pembeni, tambarare kama uwanja wa mpira.

"Mpwa, unaonaje?"

"Pita tu, mjomba. Pamekauka."

Niliyesema ni mimi. Akatia gia nzito, akakata kushoto. Hatukufika mbali, gari likakaa. Juu ni majani, chini udongo laini uliotokana na majivu ya volkano, umejaa maji. Alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo tairi zilivyochimba, mpaka chesisi ikalala chini. Tope liliruka pamoja na maua na viazi vidogo vya okidi, vile vinavyoliwa Zambia kwa jina la chikanda. Watu walikuwa wakikatazwa kuvichimba kwa jembe. Sisi tulivichimba kwa tairi, mchana kweupe.

Vijana wa lori walikuja kusukuma. Tulipolitoa, askari wa hifadhi alikuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi. Nilitegemea makelele. Akamwamkia mjomba, akamuuliza analima wapi.

"Chimala. Mpunga."

Akaonyesha alama za tairi. Maji yalikuwa yameshaanza kutembea ndani yake, meusi, yakishuka.

"Mzee, maji ya shamba lako ndiyo haya. Majani yanayashika, yanayaachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Mkikata mfereji yanaondoka siku hiyohiyo, na udongo juu."

Alitutaka turudishe mabonge ya majani kwa mikono. Tulirudisha moja moja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mjomba amepiga magoti kwenye tope na umri wake ule. Mengi yalikuwa yamesagika, hayakushikamana tena.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule, nilipita kwa basi. Dereva aliposimama abiria wachimbe dawa, nilitembea mpaka pale. Mifereji miwili, hatua 30. Wa kushoto ulikuwa umepanuka, mguu wangu mzima ulizama ndani, na kingo zake hazikuwa na ua hata moja.

Niliporudi Chimala nilimweleza mjomba. Alikuwa shambani, jembe begani.

"Maji yanapita?"

"Yanapita, mjomba."