Si kila mti wa maua ya njano ni mjohoro

Picha nyingi za mimea ninazotumiwa kwenye WhatsApp huonyesha ua tu, na ua ndilo linalosaidia kidogo kuliko vyote pale miti ya jamii moja inapochanua rangi ileile. Mama mmoja jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, alifanya vizuri zaidi: aliniletea tawi zima kutoka shambani kwake, akitaka kujua kama ule mti uliojiotea mpakani ni mjohoro au ni mgeni wa kung'olewa mapema.

Nilianza na majani. Vijani vya mjohoro, yaani vile vidogo vinavyopangana kwa jozi kwenye jani moja, vina ncha butu, mara nyingi iliyobonyea kidogo; vya mbaraka, ambao ni mwenyeji wa miombo yetu, pia ni butu, lakini kati ya kila jozi husimama kinundu kidogo kinachoonekana kwa macho. Vijani vya tawi lile vilikuwa vimechongoka, vina vinyweleo laini upande wa chini, na kinundu hakikuwepo. Nikamwomba mama anitafutie tunda kavu. Alirudi na ganda la mviringo kama fimbo, refu kupita shubiri, na nilipolipasua nikakuta mbegu bapa zimelala kila moja katika chumba chake. Ganda la mjohoro ni bapa, kwa hiyo shaka ikaniisha: ni Senna spectabilis, mti wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini.

Mkoa wetu unaujua mti huu kwa ubaya. Ulipandwa Mahale katika miaka ya 1960, kabla eneo hilo halijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, kisha ukaingia katika msitu wanamoishi sokwe mtu na kuinyima miti ya asili nafasi ya kukua.

Mama alitaka kuukata siku ileile apate kuni. Kuni zake ni nzuri, sikatai, ila kisiki kikiachwa hivihivi huchipua upya. Ndiyo maana namna iliyojaribiwa Mahale ni kubandua gome kulizunguka shina. Nimemshauri afanye hivyo, ang'oe miche midogo udongo ukiwa bado na unyevu, na maganda makavu ayachome badala ya kuyatupa kwenye shimo la mboji.