Nilizaa nyumbani, gari likingoja chini

Mama mkwe alizaa watoto watano nyumbani kwake Murang'a, mikononi mwa mkunga wa kijiji, na ndiye aliyenipinga kuliko watu wote. Ilikuwa Desemba 2023, mimba ikielekea miezi mitano. Tulikuwa jikoni tukikata sukuma wiki nilipomwambia kwamba huyu wa pili nataka kumzalia hapa hapa Donholm, chumbani kwetu. Aliweka kisu chini.

"Mwanangu, mimi nilizalia nyumbani kwa sababu hakukuwa na gari. Sikuchagua."

Kisha akanieleza jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Dada yake mkubwa alijifungua vizuri, mtoto akalia, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu damu ikaanza kutoka na haikukoma. Walimbeba mpaka barabarani wakangoja gari, na alikata roho wakiwa bado wanangoja.

Sikubadilisha nia siku ile. Lakini tangu hapo, kila nilichopanga kilikuwa kwa ajili ya mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona.

Wa kwanza nilimzaa 2019 katika hospitali ya umma, hapa Nairobi. Nililala mzungu wa nne na mama mwingine ambaye uchungu wake ulikuwa umetangulia wangu, miguu yake usoni pangu na yangu kwake. Masista walikuwa wawili na wodi imefurika. Mume wangu aliachwa langoni na mkoba wa nguo za mtoto. Kwa saa nyingi hakuna aliyenigusa isipokuwa kupima njia, na aliyepima hakuniambia imefunguka kiasi gani. Nilipotaka kusimama nitembee niliambiwa nilale chali. Mtoto alitoka mzima, nikashonwa, na mpaka leo sijaelezwa nilichanika wapi. Sikulipa hata shilingi, maana kujifungua katika hospitali za umma kulifanywa bure Juni 2013, na mpango huo nitautetea popote pale kwa sababu najua walivyokuwa wakiteseka wasio na pesa. Nilichokosa ni mtu. Mtu mmoja wa kukaa nami mpaka mwisho, asiyekuwa na wenzangu kumi wanaomwita.

Mkunga niliyempata alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na bado ana leseni ya Baraza la Wauguzi. Niliomba kuiona, akaitoa mkobani kabla sijamaliza kusema. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini nataka kuzalia nyumbani, lakini hilo hakuuliza. Aliuliza: "Mambo yakigeuka, unaenda hospitali gani, kwa gari la nani, na huyu mkubwa anabaki na nani?" Sikuwa na jibu hata moja. Akafunga daftari akasema atarudi nikiwa nayo. Akaongeza kwamba mkunga yeyote atakayeniambia sitahitaji hospitali, nimkimbie.

Aliporudi alinieleza pia kwamba ingekuwa mimba ya kwanza asingekubali. Kuna utafiti wa Uingereza, uliochapishwa 2011, uliofuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na hatari kubwa. Waliopanga kuzalia nyumbani na hawajawahi kuzaa, asilimia 45 waliishia kuhamishiwa hospitali, na watoto wao walipata madhara zaidi kuliko wa waliozalia hospitalini. Kwa waliokwisha kuzaa, waliohamishwa walikuwa asilimia 12, na kwa watoto haikuonekana tofauti. Nilianza kutabasamu. Akanikata: "Huko mkunga akipiga simu ambulensi inakuja. Hapa ambulensi yako ni ile uliyoipanga wewe."

Kwa hiyo niliendelea na kliniki kama mjamzito mwingine yeyote, kitabu cha Mama na Mtoto kikijaa mihuri. Presha ilipimwa kila nilipokwenda, damu ikapimwa wingi na kundi, sukari, virusi, kaswende, vyote. Skani ilionyesha kondo la nyuma liko juu, mbali na njia, na baadaye ikaonyesha mtoto amegeuza kichwa chini. Mkunga aliandika kwa mkono wake mambo ambayo lolote likitokea safari ya nyumbani imekwisha: presha kufika 140 kwa 90, uchungu kuanza kabla ya wiki ya 37, mtoto kukaa kitako au kulala mkingamo, maji kutoka yakiwa ya kijani, homa, damu kabla ya mtoto. Tuliibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friji. Mume wangu aliikariri. Ningekuwa nimewahi kupasuliwa, au nina mapacha, tusingefika hata kwenye karatasi.

Anayedhani njia hii inaokoa pesa, nimwambie mapema kwamba haiokoi. Mkunga haji peke yake. Lazima wawe wawili, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, na wote wanalipwa, na bado lazima uwe na akiba ya hospitali kana kwamba utajifungulia huko. Kwa makaratasi, aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, bila malipo ndani ya miezi sita ya kwanza. Mkunga alituandikia barua, nasi tukaenda nayo pamoja na vitambulisho na kitabu cha kliniki. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto alizipata kliniki.

Halafu mpango wetu wote ukatikisika. Hospitali tuliyoichagua kuwa ya akiba ilikuwa ya umma, na Machi 14, 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma. Wiki ya kwanza tulijipa moyo. Wiki ya tatu nilimpigia mkunga nikamuuliza kama mpango bado upo, akanijibu wazi kwamba hospitali isiyo na wa kunipasua si hospitali ya akiba, na kama sina nyingine yeye haji. Nilikasirika. Nililia hata. Lakini ni ile sentensi iliyonifanya nimwamini kabisa. Tulihamia hospitali ya misheni, tukafungua faili na kuweka amana, pesa tulizokuwa tumetenga kwa ada ya shule ya mkubwa. Daktari wa pale alikuna kichwa aliposikia mpango wangu, hakuupenda hata kidogo, lakini aliandika kundi langu la damu juu ya faili na kuniambia nisingoje kupiga simu nikiwa njiani, nipige kabla sijatoka nyumbani.

Na mvua ikaja. Wanairobi hatutaisahau Aprili ile, watu wakiamka na kukuta nyumba zao zimo ndani ya maji, barabara zimegeuka mito. Mume wangu alianza kupima njia. Kila jioni alitoka na jirani yetu wa chini, dereva wa teksi, wakaenda mpaka lango la hospitali wakishika saa. Usiku bila mvua, dakika 14. Saa kumi na moja jioni, barabara ya Outering ikiwa imefungana, dakika 50. Walitafuta njia mbili za kuzunguka penye maji. Tuliishi ghorofa ya pili, hivyo walijizoesha pia kunishusha ngazi nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma, nimefungwa leso kiunoni nisiteleze. Majirani walitazama kwa milango iliyofunguliwa nusu. Jirani yule wa teksi alilala na nguo zake za kazi kwa wiki mbili na hakuchukua abiria wa usiku hata mmoja. Alikubali tumlipe mafuta tu.

Uchungu ulinianza Alhamisi, Mei 2, saa mbili usiku, nikiosha vyombo. Mvua ilikuwa imetulia. Dada yangu alikuja kumchukua mkubwa akampeleka Umoja. Wakunga walifika saa nne, wakaweka vitu vyao mezani: vichupa vya dawa, mfuko wa kumpulizia mtoto pumzi asipolia, mizani, na kijisanduku cha baridi chenye sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka kwa wingi baada ya kuzaa. Dawa hiyo ikipata joto inapoteza nguvu, inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mkunga haamini friji ya mtu yeyote kwa sababu haamini stima. Alikuwa na haki. Saa sita na nusu stima ilipotea, wakavaa taa zao za kichwani kimya kimya, wakaendelea.

Nilitembea. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa furaha kuliko yote: nilitembea kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, nikiegemea sinki uchungu ukija, na hakuna aliyeniambia nilale. Kila robo saa mkunga alinifuata na kifaa chake kidogo, akakiweka tumboni popote nilipokuwa nimesimama, akahesabu mapigo ya mtoto. Yakiwa kati ya 110 na 160 alisema "sawa, mama," akarudi kitini. Aliponipima njia aliniambia: sentimita sita. Niliganda nikimtazama. Namba tu, lakini mara ya kwanza hakuna aliyenipa. Mume wangu alikuwa akinisugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Mama mkwe alikaa sebuleni gizani, Biblia mapajani, haijafunguliwa.

Alizaliwa saa tisa kasorobo alfajiri, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda nimeshika godoro. Msichana. Alilia kabla hajatoka mwili wote. Mkunga wa pili alimkausha akamlaza kifuani pangu, kitovu bado kinapiga, na kabla dakika haijaisha nilihisi sindano pajani: uniti 10 za oksitosini. Waliponisaidia kulala walinitandikia chini ya makalio karatasi ya plastiki yenye mfuko, na kwenye mfuko mistari ya vipimo. Damu inateremka inajikusanya pale, unaisoma kama unavyosoma jagi la maziwa.

Kwa macho watu hukosea, alikuwa ameshanieleza, huona damu ni kidogo kuliko ilivyo. Kutokwa na damu ndiko kunakoua wazazi wengi kuliko sababu nyingine yoyote. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa Mei 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa plastiki kama hii na kutoa matibabu yote kwa mpigo mmoja kulipunguza visa vibaya kwa asilimia 60. Mkunga wangu alianza kuitumia baada ya hapo.

Kondo halikutoka. Dakika kumi. Kumi na tano. Mtoto alikuwa ameanza kunyonya, na mimi nilikuwa nimeelea kwenye furaha, lakini niliona mkunga anatazama saa, kisha mfuko, kisha saa. "Ikifika 30 hatukai hapa," alisema kwa sauti ile ile aliyotumia usiku kucha. Dakika ya 20 alimgeukia mume wangu: "Baba, mwambie awashe gari."

Tulisikia injini ikiunguruma chini. Mkunga wa pili alikuwa kwenye simu na hospitali, akisoma kundi langu la damu. Kiti cha plastiki kililetwa mlangoni. Nyuma ya kiti, mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mdomoni, akitazama mfuko ule na si mimi wala mtoto.

Dakika ya 24 nilihisi uchungu mmoja mdogo, nikaambiwa nisukume, likateleza. Mkunga alilipeleka kwenye taa akaligeuza pande zote, akalipanga kama mtu anayekagua sufuria kama imetoboka, mpaka akaridhika limetoka zima. Akanikanda tumbo mpaka nikapiga kelele. Kisha akasoma mfuko: chini kidogo ya alama ya mililita 300.

"Hiyo ni nyingi?" mama mkwe aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu saa nne.

"La, mama. Tungeanza kuhofia ikipita 300, na 500 tungekuwa barabarani. Njoo uone."

Alikuja, akainama, akaweka kidole kwenye mstari kupitia plastiki. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akaenda jikoni, na kabla hakujapambazuka tulisikia harufu ya njahi, zile kunde nyeusi za kumpikia mzazi, alizokuwa amezileta kutoka Murang'a na kuziloweka tangu jana, bila kutuambia.

Saa mbili asubuhi jirani wa teksi aligonga. Macho mekundu, ufunguo mkononi. Alimtazama mtoto kwa mbali, akanipongeza, kisha akamuuliza mkunga kama sasa anaweza kwenda kutafuta riziki. Mkunga alikuwa akinipima presha. Alimwambia damu inaweza kurudi ndani ya saa 24, kwa hiyo amsamehe, mpaka kesho alfajiri. Jirani aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi, na kupitia dirishani nilimwona anafungua mlango wa gari, anakaa, na kurudisha kiti nyuma.