Shukrani kabla ya mnada

Masasi, Jumapili jioni

Minada ya korosho imeanza. Kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Nachingwea na Ruangwa, watu wakikutana habari ni bei: imepanda, imeshuka, pesa inaingia lini. Jioni ya leo inafaa kuandika juu ya kumpenda Mungu kwa shukrani, maana huu ndio msimu unaotupima kama tulikuwa tunashukuru kweli au tulikuwa tunasubiri bei.

Mpangilio wa upendo huo na shukrani ukikosewa mwanzoni, yote yanayofuata yanakwenda kombo. Yohana anaandika katika waraka wake wa kwanza, 4:19: "Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza." Paulo anafuata njia hiyohiyo kwa Warumi. Sura kumi na moja anaeleza Mungu alivyotuhurumia, na ni katika ile ya 12 ndipo anapoanza kutuambia tuishi vipi. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunaomba, "Bwana, bei ikiwa nzuri nitakutolea kitu kikubwa." Mnada ukienda vibaya, ahadi inakufa na sala inakufa nayo. Mkristo anayeshukuru ana sababu yake mkononi kabla mnada haujafunguliwa: Kristo amekwisha kufa na kufufuka kwa ajili yake, na hakuna mnunuzi anayeweza kulipunguza hilo.

Shambani upendo huo unaonekana kwenye turubai. Korosho iliyookotwa leo ina unyevu, na mara nyingi kipande cha bibo, tunda lake, kimebaki kimeng'ang'ania. Kisipotolewa kinaoza, kinaleta ukungu na kulitia ganda weusi. Inaanikwa juani siku mbili hadi tatu, inageuzwa, na jioni inakusanywa isipigwe na umande. Chukua chache kiganjani uzitikise karibu na sikio: iliyokauka inalia, mbegu inagonga ganda, mbichi inanyamaza. Baada ya hapo ni kuchambua. Changa, nyepesi, zilizotobolewa na wadudu, mchanga na kokoto vinatoka. Daraja la kwanza linakaa peke yake na la pili peke yake. Gunia ni la jute, kilo 80. Mfuko wa plastiki haupumui, korosho inatoa jasho humo ndani na kuharibika ikiwa ghalani.

Kila mkulima wa huku anayajua hayo. Anayefungasha korosho mbichi ili zizidi uzito, au anayeacha kokoto chini ya gunia, hakukosa elimu ya kilimo. Ameogopa. Moyoni amekata shauri kwamba Mungu hatamtosha, kwa hiyo ajiongezee mwenyewe. Na anayeumia ni jirani, kwa sababu ghalani mzigo wa wakulima wengi unauzwa kwa pamoja. Ubora ukishuka, bei inawashukia hata waliokesha wakichambua.

Kama kuna sura moja ya kusoma msimu huu, tungechagua Walawi 19. Humo mna masazo ya shambani kwa maskini na mgeni, mna ujira wa kibarua usiolala kwako mpaka asubuhi, mna kumpenda jirani kama nafsi yako, na karibu na mwisho mna mizani ya haki. Angalia sababu inayotolewa baada ya mizani, mstari wa 36: Mungu anajitaja kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Watu waliokombolewa wanapima sawasawa kwa sababu wamekombolewa. Masasi tuna urithi wa pekee hapo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika hapa kutoka Zanzibar kupitia Lindi, alikuja na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, na misheni ya hapa ilianza nao. Mji wenye mwanzo huo haupaswi kuzoea mizani iliyochezewa.

Kuna kangomba pia, yaani ulanguzi wa korosho nje ya mnada, na hapa tunasema bila kuzunguka. Mama ana mtoto mgonjwa mwezi wa nane, korosho bado ni maua, na anakuja mtu na pesa kidogo akitaka alipwe kwa magunia msimu ukifika. Wakati mwingine mtu huyo anaimba kwaya. Sheria inakataza ununuzi huo, lakini hata isingekataza, aliyesamehewa deni kubwa anawezaje kuigeuza homa ya mtoto kuwa faida? Kama unacho, mkopeshe. Shilingi 50,000 iliyotoka irudi 50,000 malipo yakiingia, iandikwe kwenye daftari mbele ya shahidi mmoja ili mapenzi yasiharibike kwa kusahau. Kama huna, ipelekeni habari hiyo kwenye jumuiya yenu wiki hiyohiyo; wachache wakichanga, dawa inapatikana. Wala msiulize kwanza anasali wapi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na Walawi 19 inamtaja mgeni waziwazi.

Pesa ikiingia benki, hesabu ifanywe na baba na mama wakiwa wameketi pamoja, daftari katikati. Akaunti inaweza kuwa na jina la mmoja. Walioinama kuokota ni wengi. Tuseme magunia ni 10, yaani kilo 800, na baada ya makato mkulima amebakiwa na 2,500 kwa kilo. Hiyo ni 2,000,000. Kabla ya kitu kingine chochote watoe malipo ya vibarua na madeni, tuseme 400,000. Hiyo haikuwa yao tangu mwanzo, na hakuna anayeweza kumshukuru Mungu kwa jasho la mtu mwingine. Katika ile 1,600,000 iliyobaki, zaka ni 160,000, na iwekwe kando siku hiyohiyo. Ikisubiri Desemba iishe, itakuwa imegeuka bati, kitenge na soda za harusi. Kinachofuata ni chakula cha kufikia mavuno, ada na sare za Januari, na pembejeo za kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Anayetaka kukokotoa zaka kabla ya kutoa gharama afanye hivyo kwa furaha. Tusigeuze sadaka kuwa kesi. Paulo amelimaliza hilo kwa Wakorintho: kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima.

Onyo moja tu kuhusu ukarimu wa kanisani. Yesu, katika Marko 7, aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Ahadi nono kwenye harambee, wakati bibi kijijini analala nyumba inayovuja, haimpendezi Mungu aliyesema waheshimu baba yako na mama yako.

Kila jioni kabla ya kulala, dakika kumi zinatosha. Taja mambo matatu ambayo Mungu amekutendea leo, na uyataje kwa majina yake: mvua haikunyesha korosho zikiwa juani, mtoto amepona tumbo, fulani amekusamehe. "Asante kwa yote" inapita haraka mno, moyo haupati pa kushika. Kisha uliza: kwa sababu ya haya, kesho nimfanyie nani nini? Jibu liwe dogo na la kufanyika kabla ya saa sita mchana.

Na mwaka ambao mikorosho imekataa, au bei imeanguka, sala hiyo inabaki ileile. Habakuki 3:17-18 anahesabu mtini usiochanua na zizi lisilo na ng'ombe, kisha anasema atamfurahia Bwana. Mwaka kama huo, nenda kwa unaodaiwa nao kabla hawajakufuata, waambie una kiasi gani na lini utaongeza, na kibarua umlipe hata kama itabidi uuze mbuzi.