Jinsi tulivyopanga sayansi ya Sekondari Msingi ili kila mtoto ashike kifaa

Shule nyingi za msingi hapa Mombasa zilipokea Gredi ya 7, darasa la kwanza la Sekondari Msingi, mwaka 2023 bila maabara. Kwetu hatukungoja ijengwe. Yapo mambo ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyabadilisha akiwa pale pale ofisini, na la kwanza ni ratiba.

Sayansi Jumuishi ina vipindi vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Ukitoa muda wa kugawa vifaa na wa kuosha, jaribio hukatwa na kengele kabla watoto hawajaona tokeo. Nikaunganisha vipindi viwili vikawa dakika 80, asubuhi, na kabla yake mwalimu akaachiwa nafasi isiyo na somo ili aandae. Nafasi hiyo usimpe kazi ya kumshikia mwenzake darasa. Ikiliwa, majaribio ndiyo yanayokufa kwanza.

La pili, pesa kidogo za kila mwezi anazozishika mwalimu mwenyewe, kwa vocha na daftari la sahihi, maana muuza ndimu wa soko la Kongowea hana risiti.

Lakini uzito wote uko kwenye makundi. Watoto 60 kwa wakati mmoja ni makundi 15 ya wanne, na hakuna mwalimu anayeweza kuyaona yote. Nusu wafanye jaribio, nusu wafanye zoezi la kuandika, kisha wabadilishane. Ndani ya kundi kuna mshika kifaa, mpimaji, mwandishi na msafishaji, na majina yaandikwe ubaoni kwa kila jaribio. Yasipoandikwa, wenye mikono myepesi hushika kila siku, na wasichana wengi huishia kuwa waandishi. Ninapoingia darasani, namwendea mtoto wa nyuma kabisa na kumuuliza: umeshika nini, umeona nini?

Vifaa vya asidi na besi havihitaji oda. Koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano, kile kiungo cha mapishi, kutoka soko la Marikiti katika robo kikombe cha spiriti, mbali na moto. Maji matupu hayayeyushi rangi vizuri. Chovya karatasi isiyong'aa, ianike kivulini, ikate vipande. Maji ya majivu au sabuni huigeuza nyekundu ya kahawia, kama doa la biriani kwenye kanzu likipakwa sabuni. Ndimu haibadilishi kitu, na hapa ndipo walimu hudhani karatasi imeharibika. Manjano huonyesha besi tu. Kwa asidi, chemsha maua mekundu ya haibiskasi: maji yake yakitiwa ndimu huiva wekundu. Mtoto asiyetofautisha rangi vizuri apewe kazi ya kupima ujazo, na mwenzake amtajie rangi.

Hadubini zina adui mwingine: unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye lenzi ndani ya sanduku lililofungwa. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikishashiba havifanyi kazi hadi vikaushwe, kwa hiyo mpe mtu mmoja jukumu la kuvikagua kila mwezi.