Matthias Mann na Makala Zinazorejelewa Kuliko Zinavyosomwa

Katika fani ya spektrometria ya masi, yaani upimaji wa uzito wa molekuli, ni wachache waliorejelewa na wenzao kama Matthias Mann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1959. Kipimo chake cha h kimepita 200, maana yake ana makala zaidi ya 200 ambazo kila moja imetajwa na watafiti wengine angalau mara 200. Wapo maprofesa wengi, na wazuri kabisa, wanaostaafu bila kuwa na hata makala moja iliyofika hapo. Swali linalonivutia ni hili: ni zipi hasa katika makala hizo zinazobeba idadi hiyo kubwa?

Mann alisoma fizikia na hisabati Göttingen, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale kufanya uzamivu chini ya John Fenn. Spektrometa ya masi hupima uwiano wa masi na chaji ya umeme wa vitu vinavyosafiri ndani ya ombwe, na kwa miaka mingi haikuweza kupima protini, kwa kuwa molekuli kubwa namna hiyo ilivunjika kabla ya kugeuka mvuke. Fenn alipitisha kimiminika chenye protini kwenye sindano nyembamba iliyounganishwa na umeme wa maelfu ya volti, kikatoka kama ukungu wa matone yenye chaji, na matone yalipokauka yaliacha protini nzima ikielea hewani. Protini hiyo, hata hivyo, ilibeba chaji nyingi kwa mara moja, ikaonekana kwenye grafu kama safu ya vilele badala ya kilele kimoja. Hapo ndipo hisabati ya Mann ilipofaa: kila jozi ya vilele jirani inatosha kukadiria masi ya molekuli, kwa hiyo vilele vingi, vilivyodhaniwa kuwa kero, vinahakikiana. Matokeo ya kikundi hicho yalitoka katika jarida la Science mwaka 1989, na Fenn akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 85.

Mann alipita Odense, Heidelberg na hatimaye Taasisi ya Max Planck ya Biokemia karibu na München, na katika safari hiyo ndipo zilipozaliwa makala zinazorejelewa mno. Ile ya mwaka 1996, aliyoandika na Andrej Shevchenko na wenzao, inaeleza jinsi ya kukata kipande cha jeli inayotumika kutenganisha protini, iliyotiwa rangi ya fedha ili zionekane, kuimeng'enya protini iliyomo kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini na kuitambua. Siri yake kubwa ilikuwa kuacha glutaraldehaidi, kemikali iliyozoeleka katika utiaji rangi huo na ambayo huzifunga protini zisimeng'enyeke. Ile ya mwaka 2008, aliyoandika na Jürgen Cox, inatambulisha MaxQuant, programu ya bure ya kuchambua data za spektrometa. Mwaka huohuo kikundi chake kilichapisha katika Nature upimaji wa protini zaidi ya 4,000 za hamira, kazi iliyoonyesha kwamba karibu protini zote za kiumbe zinaweza kupimwa kwa pamoja. Kwangu mimi hayo ndiyo mafanikio makubwa zaidi ya kisayansi, lakini makala ya programu imeyaacha mbali sana kwa idadi ya marejeo.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Anayetumia MaxQuant hulazimika kuitaja katika sehemu ya mbinu, hata kama hajawahi kuisoma makala yenyewe hadi mwisho, ilhali anayeongozwa na wazo huweza kulibeba kichwani bila kulitaja popote. Kamati za kupandisha vyeo vyuoni, zikiwemo za kwetu, huhesabu marejeo ya aina zote mbili kama kitu kimoja, na mtaalamu wa nadharia huonekana mdogo mbele ya mtengenezaji wa zana.

Lakini zana nayo ikienea kupita kiasi huacha kutajwa. Leo mbinu ya Fenn imo katika maabara za hospitali, za dawa na za kupima viuatilifu kwenye vyakula, na wengi wanaoiwasha kila asubuhi huandika jina la mashine na la kampuni iliyoitengeneza, wala hawairejelei makala ya mwaka 1989.